Kompyuta Inajizima Ovyo? Kwanza Itazame Inavyozima

Mama mmoja wa Mbagala aliniletea kompyuta ya mezani iliyokuwa imeshapigwa Windows, yaani kuwekewa upya, mara tatu ndani ya miezi miwili. Kila ikitoka kwa fundi inakaa vizuri mchana kutwa, halafu jioni, binti yake akiketi kusoma, inazima. Nilikaa nayo mezani kwangu siku nzima, haikuzima hata mara moja. Nikaibeba mpaka kwake, nikapima soketi saa moja usiku: volti 176. Kesho yake mchana soketi ileile ilisoma 224. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inakosa chakula saa ambayo mtaa mzima unawasha taa, feni, friji na pasi kwa pamoja.

Hela aliyokuwa ameshatoa iliniuma, lakini picha ziliniuma zaidi. Windows ilipopigwa mara ya pili diski ilisafishwa yote, na humo mlikuwa na picha za marehemu mumewe ambazo hazikuwa mahali pengine popote.

Kwa hiyo naomba jambo moja kabla ya mengine yote. Mashine ikianza kuzima ovyo na bado inawaka, nunua au azima flashi, au diski ya nje, unakili kila ambacho usingependa kukipoteza: picha, vyeti, kazi za shule, hesabu za biashara. Ifanye leo hii, kabla hujafungua skrubu hata moja. Fundi anayekwambia atapiga Windows bila kwanza kukuuliza kuhusu mafaili yako, mnyang'anye kompyuta yako kwa upole urudi nyumbani.

Inazimaje?

Watu husema "kompyuta inazingua", na kwa neno hilo moja wanamaanisha mambo manne ambayo hayafanani.

La kwanza ni giza la ghafla. Skrini, taa za kasha na mlio wa feni vyote vinakata kwa pamoja, kama vile mtu kachomoa plagi. Hapa shuku umeme au joto. Windows huwa haihusiki, kwa sababu Windows ikipata shida hujaribu kusema neno kabla ya kuanguka.

La pili ni kujiwasha upya: ulikuwa unaandika, mara unaona nembo ya kampuni kama ndiyo kwanza umeiwasha. Hili linaweza kuwa umeme, lakini mara nyingi ni skrini ya bluu, ile ya kosa la Windows, iliyopita haraka mno hukuiona.

La tatu ni hiyo skrini ya bluu yenyewe, ambayo kwenye Windows 11 iliyosasishwa tangu mwaka 2025 imekuwa nyeusi. Usiichukie. Ni mashine inayojieleza, na hapo chini kabisa huacha maneno ya kukusaidia.

La nne ni kuganda. Picha imebaki, kipanya hakisogei, na kama kulikuwa na muziki unabaki kukoroma sauti moja. Hapo bonyeza Caps Lock utazame kitaa chake kwenye kibodi. Kikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mfumo bado uko hai na kuna kitu kinausubirisha, mara nyingi diski. Kisipojibu, umeganda wote, na ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kadi ya picha, draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) au joto vinaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Weka daftari kando ya kompyuta. Kila ikizima andika saa, ulichokuwa unafanya, na ilikuwa imewaka kwa muda gani. Andika pia kama kuna kitu kingine kimewashwa ndani ya nyumba dakika ileile. Mistari mitano au sita ya daftari hilo ina thamani kuliko saa tatu za fundi anayebahatisha.

Sasa iruhusu mashine iseme. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, uondoe alama kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo, skrini ya bluu ikija itabaki mpaka uizime mwenyewe, na utaipiga picha kwa simu.

Halafu andika "reliability" kwenye sehemu ya kutafutia ya Start. Utafunguliwa kalenda yenye alama nyekundu kila siku ambayo kitu kilianguka. Wengi hawajawahi kuifungua, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu wa nyumbani: unaona kwa macho kwamba matatizo yalianza tarehe 9, na tarehe 9 hiyohiyo kuna programu fulani iliwekwa.

Anayetaka kwenda ndani zaidi afungue Event Viewer, Windows Logs, kisha System, atafute mstari wenye jina Kernel-Power na namba 41. Mafundi wengine wakiuona wanatangaza papo hapo kwamba pawa saplai, lile sanduku la ndani linaloipa kompyuta umeme, imekufa. Si kweli. Mstari huo unasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu, na hutokea hata mtoto akichomoa waya. Fungua Details utazame BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa: rudi kwenye umeme, joto, au kuganda kabisa. Ikiwa ni namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu. Namba hiyo huandikwa kwa desimali, kwa hiyo 26 pale ndiyo 0x1A ya skrini ya bluu, na 292 ndiyo 0x124.

Umeme

Naanza hapa kwa sababu kwa nyumba zetu ndipo ninapokuta jibu mara nyingi, na kwa sababu kupima hakuhitaji kufungua kitu.

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, mizunguko 50. Hiyo ni namba ya kwenye karatasi. Nyumba iliyo mbali na transfoma, kwenye laini iliyobeba watu wengi, hupata pungufu sana jioni. Geuza kasha usome kibandiko cha pawa saplai. Ikiwa imeandikwa INPUT 100-240V, ina uvumilivu mkubwa na umeme mdogo. Ikiwa imeandikwa 200-240V, ukishuka chini ya hapo haina deni na wewe, itakata. Ziko pia za zamani zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma. Kwetu kiswichi hicho kikae 230 siku zote. Ukikisukuma kwenye 115 utasikia mlipuko na utaiaga pawa saplai yako.

Kama huna uzoefu wa kupima soketi kwa multimita, usijifunzie hapo. Umeme huo unaua. Tumia stebilaiza (kifaa kinachosawazisha volti) yenye kioo kinachoonyesha volti zinazoingia. Itazame mchana, kisha saa moja na saa mbili usiku. Itazame pia friji inaposhtuka kuwaka, kwa sababu kompresa ikianza hushusha umeme kwa nusu sekunde, na nusu sekunde inatosha kuiwasha kompyuta upya. Daftari lako likionyesha kwamba inazima jioni tu, au kila friji ikinguruma, umeshapata jibu na hujafungua skrubu yoyote.

Umeme ukiwa mzuri, fuata njia yake mpaka kwenye mashine. Ekstensheni za bei rahisi zina vyuma vyepesi vinavyolegea. Plagi ikicheza ndani ya tundu, cheche ndogo hurukaruka na plastiki inageuka rangi ya kahawia. Ukiona hiyo rangi, ekstensheni hiyo itupe, usimpe hata jirani. Tazama na waya unaoingia nyuma ya kasha: usukume mpaka mwisho, kisha uutikise taratibu mashine ikiwa imewaka. Ikizima, badilisha waya.

Kuna pia mtego wa UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Mtu amenunua UPS ili imlinde, miaka minne baadaye betri yake imekufa, na sasa UPS ndiyo inayozima kompyuta. Umeme ukiyumba kidogo tu inajaribu kuhamia kwenye betri, haikuti kitu, inakata. Betri hizo huchoka ndani ya miaka mitatu hadi mitano, na kwenye joto la pwani huchoka mapema zaidi. Kupima ni rahisi: chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani kwa siku mbili. Ikitulia, badilisha betri ya UPS. Usiitupe UPS yenyewe.

Ukishika kasha ukahisi ganzi au kupigwa na shoti ndogo, nyumba haina ethi (waya wa ardhini) au ekstensheni yako haina pini ya tatu inayofanya kazi. Hilo linaweza kuleta vurugu kwenye kompyuta, lakini kwanza ni hatari kwa mtu. Muite fundi umeme wa nyumba kabla ya fundi kompyuta.

Na pawa saplai yenyewe? Inayokaribia kufa hustahimili kazi nyepesi na kuanguka kwenye nzito. Unaandika barua saa tano hakuna tatizo. Ukifungua gemu au ukianza kuhariri video, giza. Multimita kwenye waya zinazotoka kwake inatakiwa isome karibu na volti 12 kwenye waya wa njano, kati ya 11.4 na 12.6, na karibu na 5 kwenye waya mwekundu, kati ya 4.75 na 5.25. Kompyuta za ofisini za mtumba, hasa za Dell na HP, nyingine zina rangi na plagi zao wenyewe, kwa hiyo hapo usibahatishe. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuazima pawa saplai nzima ya aina hiyohiyo na kuijaribu. Kuifungua sanduku lake, hapana. Ndani mna kapasita zinazotunza umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Joto

Joto lina tabia yake, ukiijua hulikosi. Mashine inawaka vizuri, inafanya kazi dakika ishirini au arobaini, feni inapanda sauti kama inapaa, mambo yanakuwa mazito, kisha giza. Unaiwasha papo hapo, safari hii inadumu dakika tano. Unaiwasha tena, dakika mbili. Unakasirika, unaiacha, unaenda kula. Ukirudi inadumu tena nusu saa. Hakuna ugonjwa mwingine unaofanya hivyo kwa utaratibu huo.

Sababu ni kwamba prosesa, ubongo wa kompyuta, inajilinda. Nyingi za Intel huanza kujipunguza mwendo zikikaribia nyuzi 100, na Ryzen za AMD nyingi kwenye 95. Ndiyo maana mashine huwa nzito kwanza. Joto likizidi kupanda inakata umeme yenyewe ili isiungue. Weka programu ya bure kama HWiNFO au Core Temp usome. Katika chumba chenye nyuzi 32, kama vingi vya Dar au Mombasa mwezi wa pili, kuona 45 mpaka 55 mashine ikiwa imetulia si ajabu. Hewa unayoipuliza ndani ndiyo hiyo ya moto. Ukiona 80 hujafungua hata kivinjari, kuna kitu kimeziba au kimelegea.

Zima, chomoa, fungua ubavu wa kasha. Kwa nyumba yenye barabara ya vumbi mbele na jiko la mkaa nyuma, utakuta blanketi. Vumbi la kawaida hupeperuka. Lililochanganyika na moshi wa mafuta ya kupikia hunata kwenye mapezi ya chuma kinachopoza prosesa, na hilo linahitaji brashi laini ya kupakia rangi na subira. Nimewahi pia kukuta viota vya nyigu na mjusi aliyekaukia kwenye feni. Puliza kwa blowa ukiwa nje, na uishike feni kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kwa kasi na blowa inaweza kujiharibu au kurudisha umeme kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani usiitumie ndani ya kompyuta, inazalisha umeme tuli.

Kabla ya kufunga, iwashe kasha likiwa wazi utazame kila feni. Inayozunguka kwa kusitasita, au mpaka uisukume kwa penseli, imekufa hata kama bado inazunguka.

Ikiwa kila kitu ni kisafi na bado inachemka, tatizo liko chini ya kile chuma. Kati yake na prosesa kuna pesti ya kupitisha joto, na kwenye mashine ya miaka saba au minane huwa imekauka kama chaki. Ondoa chuma, futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya asilimia ya juu, weka mpya kiasi cha njegere ndogo katikati, rudisha chuma na ukaze skrubu kwa kupishanisha kona. Nyingi si bora kuliko kidogo. Na dawa ya meno, ambayo nimeona ikipendekezwa kwa dhati kabisa, hukauka siku chache tu ukabaki pabaya kuliko ulipoanzia.

Wenye laptop: kitanda na mto ndivyo viuaji vyenu. Tundu la kuvutia hewa liko chini, godoro linaliziba. Iweke juu ya ubao au hata sinia la bati. Na ukiona sehemu ya kuwekea mikono imevimba au kipanya cha kugusa kimeanza kuinuka, hiyo ni betri. Izime, ichomoe kwenye chaji, wala usijaribu kuikandamiza. Mpelekee fundi aitoe.

Ramu

Alama ya ramu mbovu ni kukosa msimamo. Leo skrini ya bluu inasema MEMORY_MANAGEMENT, kesho inasema kitu kingine, keshokutwa kivinjari kinajifunga chenyewe bila skrini yoyote. Mafaili ya zip uliyopakua yanagoma kufunguka. Windows mpya inakwama katikati ya kuwekwa. Makosa yakibadilika kila siku, anzia hapa.

Tiba ya kwanza ni bure. Chomoa plagi, gusa chuma cha kasha ili uondoe umeme tuli mwilini, toa vipande vya ramu, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa, rudisha mpaka vishikizo viseme "tak" pande zote mbili. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na utando mwembamba tu kwenye meno hayo unatosha kuleta taharuki. Mashine nyingi zimepona kwangu kwa kifutio cha shule.

Isipopona, acha kipande kimoja tu ndani, fanya kazi siku moja, kisha badilisha. Kompyuta za mtumba huongezwa ramu za kuokoteza, kipande cha kasi hii na kipande cha kasi ile, na vingine havipatani hata kama kila kimoja peke yake ni kizima. Ukitaka kipimo rasmi, andika mdsched kwenye Start ili Windows ipime yenyewe. Kilicho makini zaidi ni MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye flashi. Iache usiku kucha. Kosa moja tu likitokea, jibu umepata. Ramu haina "kosa dogo".

Diski

Diski ya kuzunguka ikianza kufa, mashine huganda kwa sekunde kumi, ishirini, inarudi, inaganda tena. Kufungua folda moja ni kama kusubiri daladala la mwisho. Baadaye inakuja KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, au siku moja inawaka na kusema haioni diski kabisa. Ukisikia "tik, tik, tik" ndani ya kasha, acha kila kitu.

Weka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ambayo diski inajirekodia yenyewe. Angalia mistari mitatu: 05, C5 na C6. Hizo ni sehemu zilizoharibika zikahamishwa, zinazosubiri hukumu, na zilizoshindikana kusomeka. Kama namba zake zimeanza kupanda wiki hadi wiki, diski inaondoka.

Hapa ndipo nisipokubaliana na ushauri unaozunguka kila mahali, kwamba fungua dirisha jeusi uandike chkdsk /r. Amri hiyo inailazimisha diski isome uso wake wote kwa saa nyingi. Diski yenye afya itavumilia. Inayokufa unaweza kuimalizia hapohapo, na mafaili yako ndani. Nakili kwanza. Ukishanakili, kusema kweli, sioni sababu ya kuihangaikia diski mgonjwa: nunua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, na kompyuta ya miaka kumi itakimbia kuliko ilivyokuwa mpya. Ila SSD nazo hufa, na hufa kimyakimya bila tik-tik.

Kabla hujailaumu diski, badilisha waya wake wa SATA na tundu lake kwenye mazabodi. Ni waya wa bei ndogo, na mara kadhaa ndio umekuwa tatizo zima.

Je, ni Windows au ni chuma?

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote kwa sababu linakata ubishi. Tengeneza flashi ya Ubuntu, mfumo wa bure wa aina ya Linux unaotumika badala ya Windows, iwashe kompyuta kutoka humo ukichagua kujaribu bila kuiweka kwenye diski, kisha fanya kazi kwa saa ambazo kwa kawaida ungekuwa umeshaona giza: fungua video, fungua kurasa nyingi. Windows haimo kabisa hapo, na diski imekaa pembeni. Ikizima vilevile, usiruhusu mtu akupigie Windows. Ni umeme, joto, ramu au mazabodi. Ikikaa imara siku nzima, basi lawama zinarudi kwa Windows, draiva, au diski.

Na Windows kweli inaweza kuwa na hatia. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani ziliingia skrini ya bluu kwa sababu ya faili moja bovu la sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Hakuna chuma kilichoharibika hata kimoja. Kitu chochote kinachokaa ndani kabisa ya mfumo, draiva au antivairasi, kinaweza kuangusha mashine nzima iliyo salama.

Kwa hiyo jiulize kilibadilika nini siku ilipoanza. Ikiwa ni draiva ya kadi ya picha, na skrini inasema VIDEO_TDR_FAILURE au picha inapotea wakati wa video, nenda Device Manager ujaribu Roll Back Driver. Ikiwa una antivairasi mbili, ondoa moja leo, zinapigana. Ikiwa mashine haifiki hata kwenye dawati, shikilia Shift huku ukibonyeza Restart kwenye ukurasa wa kuingilia, nenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, uingie Safe Mode. Humo Windows inawaka na draiva chache tu. Ikitulia humo na kuanguka nje, kuna ulichokiweka kinachoiangusha.

Kutengeneza mafaili ya Windows yenyewe, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, isubiri iishe, kisha sfc /scannow. Ya kwanza inaweza kuhitaji bando, maana hupakua kutoka kwa Microsoft.

Nitasema na hili kwa sababu linawagusa wengi na watu hawapendi kulisikia. Windows ya kuchakachua, inayowashwa kwa kifaili kinachokutaka kwanza uzime ulinzi, unaiingiza nyumbani mwako kwa kumfungulia mlango mtu usiyemjua. Anguko lake hutalielewa kamwe, kwa sababu hujui kilichoongezwa humo ndani. Kompyuta nyingi za ofisini za mtumba zilitoka kiwandani na leseni halali iliyohifadhiwa kwenye mazabodi. Ukiweka Windows safi ya toleo lilelile mara nyingi inajitambua yenyewe. Jaribu hivyo kwanza. Ukiweza kuizoea Linux, nayo ni njia halali na haina gharama.

Vilivyobaki

Tazama kapasita kwenye mazabodi, zile silinda ndogo. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kilichovimba au kuvuja kitu cha kahawia kinaeleza kila kitu. Fundi anayejua kuchomelea atazibadilisha, lakini zikiwa nyingi uliza kwanza bei ya mazabodi nzima.

Saa ya kompyuta ikirudi nyuma miaka kila ukiichomoa ukutani, badilisha kibetri cha CR2032. Hakizimishi mashine iliyokwisha kuwaka, ila hufuta mipangilio ya BIOS (programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa), na hapo inaweza kushindwa kuiona diski ukadhani imekufa.

WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, ile 0x124, ni chuma kinacholalamika kwa jina lake. Rudia joto, rudia pawa saplai, ondoa mpangilio wowote wa kuongeza kasi ya prosesa kwenye BIOS. Ikiendelea baada ya hayo yote, ni prosesa au mazabodi, na kwa kompyuta ya nyumbani ya umri mkubwa hesabu huanza kusema nunua kasha jingine la mtumba uhamishie diski yako humo.

Ukitengeneza chochote, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, uandike kwenye lile daftari, uiache siku mbili kabla ya kugusa kingine. Ukibadilisha ramu, pesti na draiva jioni moja na ikapona, hutajua kilichoiponya, na ikirudi utaanza upya kabisa.

Yule mama alinunua stebilaiza. Binti yake ananiambia kioo chake bado husoma 170 na kitu kila jioni, na kompyuta haijazima tena.